Uliza Mwalimu: Grotius na harusi ya Bi Filolojia

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma sheria mwaka wa pili hapa Dodoma. Mhadhiri wetu wa sheria ya kimataifa alidokeza kwamba Hugo Grotius, kabla hajaandika habari za vita na amani, alitoa kitabu cha Kilatini cha harusi ya miungu, kilichotungwa na mtu aitwaye Martianus Capella. Darasa likacheka, naye akaendelea na somo. Mimi swali limenibaki kooni. Mwanasheria mkubwa vile alikuwa na haja gani na mambo ya harusi? Kuna uhusiano wowote, au ulikuwa utoto tu?*
— Mwanafunzi wa sheria, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Utoto ulikuwepo, tuanzie hapo. Grotius alizaliwa Delft, Uholanzi, tarehe 10 Aprili 1583, na kitabu hicho kilitoka Leiden mwaka 1599. Piga hesabu mwenyewe. Ndani yake kuna picha ya kijana huyo iliyochongwa na Jacques de Gheyn: uso laini, ndevu hakuna, na mkufu wenye medali ya Henri wa Nne, mfalme wa Ufaransa. Heshima hiyo aliipata mwaka 1598 alipofuatana na ujumbe wa Uholanzi kwenda kwa mfalme, na katika safari hiyohiyo akarudi na udaktari wa sheria kutoka Orléans. Chuo Kikuu cha Leiden alikuwa ameingia akiwa na miaka 11. Mimi nikiwa na miaka 11 nilikuwa nachunga mbuzi, na hao mbuzi tutakutana nao tena hapa chini.

Sasa angalia jambo moja ambalo mhadhiri wako pengine hakuwa na muda nalo. Mwezi Desemba wa mwaka uleule wa 1599, Grotius aliapishwa kuwa wakili huko The Hague. Kwa hiyo usimpange kama watu wanavyompanga vitabuni, kwamba kwanza alikuwa kijana wa hadithi, halafu akakua akawa mtu wa sheria. Mkono uliomsafisha Martianus ndio ulioshika majalada ya mahakama kabla mwaka haujaisha.

Nimesema kumsafisha, na neno hilo ni lake. Kwenye ukurasa wa jina la kitabu, maelezo yake ameyaita *februa*. Kwa Warumi februa ni vitu vya kutakasia, na ndipo mwezi wa Februari ulipopata jina, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa kujitakasa. Kijana alijiona kama mtu aliyepewa nguo ya harusi iliyopita mikononi mwa watu wengi mno, akaambiwa aifue pasipo kuichana.

Nguo yenyewe ilikuwaje? Martianus alikuwa mtu wa Carthage, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Tunisia, karne ya 5, wakati dola ya Roma upande wa magharibi ikianguka vipande vipande. Kitabu chake, *De nuptiis Philologiae et Mercurii*, kina sehemu tisa na kinachanganya nathari na mashairi. Anamwandikia mwanawe, naye pia jina lake Martianus, kwamba hii ni hadithi ya mzee, aliyosimuliwa usiku wa baridi penye mwanga wa taa. Mungu Mercury anataka mke. Baada ya kutafuta huku na huku anashauriwa amwoe Filolojia, yaani mapenzi ya elimu na maneno, ambaye ni binti wa kibinadamu tu. Miungu inakaa kikao na kukubali.

Ninachokipenda mimi ni kwamba biharusi mwenyewe ana wasiwasi. Kabla ya kukubali anahesabu herufi za jina lake na za jina la bwana harusi, kwa thamani za herufi za Kigiriki. Jina lake linatoa 724. La Mercury, kwa jina lake la Kimisri, Thouth, linatoa 1,218. Anagawa kwa tisa, yeye anabakiwa na nne, bwana na tatu, jumla saba, na namba zinapatana. Wasomaji wangu wa pwani hawahitaji maelezo zaidi. Wazee wamehesabu majina kwa abjadi kabla ya posa tangu zamani, na hakuna aliyedhani kwamba kule Carthage nako kulikuwa na biharusi anayeangalia nyota.

Kisha, kabla ya kupandishwa mbinguni, Bi Filolojia anaambiwa na Kutokufa, ambaye ni mungu wa kike, kwamba hawezi kupaa na tumbo zito. Atapike. Anatapika vitabu! Vitabu vya kila namna na vya herufi za kila namna, na wasichana wa elimu wanahangaika chini wakiviokota. Miaka yote niliyofundisha Kilatini seminari, hapo ndipo hata waliokuwa wamelala walikuwa wanaamka.

Sehemu saba zilizobaki ni za zawadi. Bwana harusi anamletea mkewe wahudumu saba, na kila mmoja anasimama mbele ya miungu kueleza anachojua: Sarufi, Mantiki, Balagha, Jiometria, Hesabu, Falaki na Muziki. Sarufi ni bibi mzee mwenye kisanduku cha zana kama tabibu, kisu na tupa, za kutibu ndimi za watoto. Mantiki ana nyoka mkono wa kushoto. Balagha anaingia na silaha kama askari. Miungu inachoka, Minerva anakatiza watu, na Silenus mlevi anakoroma kabla somo la nyota halijaanza mpaka kikao kizima kinaangua kicheko. Wahudumu wawili wengine, Tiba na Ujenzi, wako mlangoni na hawapewi nafasi, kwa kuwa wanashughulika na vitu vinavyokufa na vya udongo, na mbinguni hakuna anayeugua wala anayevujiwa na paa. Nilikuwa nalaani uamuzi huo kila mvua za masika zilipofika.

Usidhani kitabu hiki kilikuwa cha pembeni. Shule za Ulaya zilikitumia kwa karne nyingi. Katika somo la nyota Martianus anasema kwamba sayari za Zebaki na Zuhura hazizunguki dunia, zinazunguka jua, na Copernicus, mtaalamu wa nyota, mwaka 1543 alimtaja kwa jina kwa sababu hiyo. Lakini kitabu kinachonakiliwa sana kwa mkono huharibika sana, na Kilatini cha Martianus ni kigumu hata kikiwa kizima. Amejaza maneno ambayo hayaonekani kwa mwandishi mwingine yeyote. Mnakili wa karne ya 9 akikutana na neno asilolijua anafanya nini? Anaweka analolijua.

Hapo ndipo ninapokuomba utulie, maana jibu la swali lako limekaa hapa.

Miaka ya sabini, nikiwa mwalimu kijana, nilikuwa natoa maelezo ya somo kwa stensili. Mashine ilikuwa moja, wino ulikuwa wa kugombania, na mpiga chapa nilikuwa mimi mwenyewe, usiku, kwa taa ya chemli. Mwaka mmoja niliruka mstari. Ulikuwa ni mstari wa saba wa tafsiri ya kipande hichohicho cha harusi. Sikuona. Vijana thelathini na mmoja walikariri kipande kisicho na mstari wa saba, wakanijibu hivyohivyo kwenye mtihani, na mimi nikasahihisha nikawapa alama. Mwaka uliofuata waliochukua madaftari ya kaka zao nao walikuwa na pengo lilelile. Nilikuja kugundua mwaka wa tatu, pale mvulana mmoja mkaidi aliponiletea kitabu chenyewe kutoka maktaba akaniuliza, kwa adabu iliyonikera, mstari huu Mwalimu umekwenda wapi.

Sasa niambie, wewe wa sheria: wale thelathini na mmoja walikuwa mashahidi wangapi? Mmoja. Na shahidi huyo alikuwa mimi, na nilikosea. Yule mkaidi peke yake alikuwa na uzito kuliko darasa zima, kwa sababu habari yake ilitoka kwingine.

Anayesafisha maandishi ya kale anaishi na swali hilo kila siku. Ana nakala hii, ana kitabu kilichochapwa kwanza Vicenza mwaka 1499, ana waandishi wengine waliosema jambo hilohilo. Nani anasema hivi? Amelipata wapi? Amejuaje? Ana sababu ya kupotosha? Kanuni za kupanga nakala kiukoo, mama na binti na mjukuu, ziliwekwa sawasawa karne ya 19, kwa hiyo sitamvisha Grotius joho ambalo halikuwa limeshonwa bado. Lakini kazi yenyewe, ya kumkalisha kila shahidi kwenye kiti na kumhoji, aliifanya akiwa na umri ambao vijana wetu wanafanya mtihani wa kidato cha nne. Kwa kila sehemu ya kitabu aliwasoma waliotangulia kuandika fani hiyo, kuanzia Cicero upande wa balagha, Euclid kwa jiometria, hadi Plinio, Solinus, Strabo na Ptolemy kwa habari za nchi.

Halafu nenda kafungue kitabu chake kikubwa, *De iure belli ac pacis*, kilichotoka Paris mwaka 1625. Wanafunzi wa sheria wanalalamika kwamba kimejaa nukuu za washairi. Kwa nini mtu anayejenga sheria ya mataifa amlete Homer? Anajibu mwenyewe katika utangulizi. Anasema amewaita wanafalsafa, wanahistoria, washairi na wasemaji, si kwamba kila mmoja aaminiwe bila kuulizwa, maana watu hao huwa wanatumikia kundi lao na hoja yao. Amewaita kwa sababu watu wengi, wa nyakati tofauti na mahali tofauti, wakithibitisha jambo lilelile, basi lazima pawepo sababu moja iliyo juu yao wote.

Ona lilivyogeuzwa. Nyakati tofauti, mahali tofauti: yaani mashahidi ambao hawakunakili daftari moja. Hapo ndipo ninapoona uhusiano, na ni maoni yangu, mhadhiri wako anaweza kuyapinga. Martianus hakumfundisha Grotius sheria hata ya nusu ukurasa. Alimfundisha kuwa na shaka na makubaliano ya bei rahisi, na kuyaheshimu makubaliano yaliyokuja kwa njia mbalimbali.

Na kama bado unataka mwanasheria kwa mwanasheria, lipo dogo. Kwenye ukurasa wa jina Martianus ameitwa *vir proconsularis*, mtu wa cheo cha liwali. Leo wengi hawalikubali. Wapo wanaoona kwenye lugha yake dalili kwamba alikuwa wakili wa mahakama za Carthage. Ikiwa ni hivyo, basi wakili mzee alisafishwa na wakili mchanga, miaka zaidi ya elfu moja ikiwa katikati.

*Mwalimu, nimekusoma mara nyingi nikanyamaza, lakini nikisikia mtu anasifia watoto wa ajabu wa Ulaya natilia shaka. Mtoto wa miaka 15 au 16 hatoi kitabu kama hicho peke yake. Hiyo ni kazi ya baba na ya walimu. Hapa kwetu tungemwambia wazi.*
— Baba mstaafu, Bukoba

Mzee mwenzangu, shaka yako naipokea kwa mikono miwili, na kwa sehemu una haki. Baba yake, Jan de Groot, hakuwa mtu wa hivihivi. Alikuwa msomi na mtu wa madaraka Delft, na ndiye aliyenunua mswada wa Martianus akampa mwanawe. Kijana akaupeleka kwa Joseph Scaliger, Mfaransa aliyehamia Leiden mwaka 1593, na kwa elimu ya maandiko ya kale hapakuwa na mtu Ulaya aliyemzidi. Scaliger akamwambia: shughulika nao, utoe toleo jipya. Mtu mwenye baba wa kununua mswada na mwalimu wa aina hiyo hajaanza mbio pamoja na sisi, ameanza katikati ya uwanja.

Lakini kusema walimfanyia ni jambo jingine, na ushahidi wake sina. Mwaka 1599 huohuo alitoa pia kwa Kilatini kitabu cha Simon Stevin cha namna ya mabaharia kutafuta bandari, na mwaka 1600 akatoa mashairi ya nyota ya Aratus. Baba mwenye shughuli za mji asingekuwa na usiku wa kutosha kwa hayo yote.

Na ukitaka kujua kama kazi ilikuwa ya kitoto, tazama nani mwingine aliipewa. Miaka kama sabini na kitu baadaye, Askofu Huet, aliyesimamia vitabu vya Kilatini vya kumsomesha mwana wa mfalme wa Ufaransa, alitafuta mtu wa kumwandaa Martianus. Alimwomba Leibniz, naye mwanasheria kwa shahada yake, na mmoja wa wanahisabati wakubwa kuliko wote. Leibniz alianza, hakumaliza.

*Mwalimu, Capella si jina la nyota? Au ni kanisa dogo?*
— Kidato cha nne, Moshi

Capella ni mbuzi jike mdogo, mjukuu wangu. Ndiyo, ipo nyota kubwa yenye jina hilo, na ni kwa sababu ya mbuzi. Kanisa dogo ni *cappella*, herufi p mbili, na hilo limetoka kwenye neno la joho fupi, la Mtakatifu Martin. Herufi moja tu, na mbuzi amekuwa nyumba ya ibada. Sasa unaelewa kwa nini watu wazima wanakesha na miswada. Vijana wangu walimwita mwandishi wetu Mzee Mbuzi, nami nilijifanya sisikii.

*Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mtu wa bahari, marehemu babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi hapa Mombasa. Nimesikia kuwa huyo Grotius aliandika kitabu kusema bahari ni ya wote, na kwamba ndani yake anatutaja. Ni kweli? Na ni kweli kwamba watu wa kale waliizunguka Afrika kabla ya Wareno?*
— Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam. Kitabu ni *Mare liberum*, yaani bahari huru. Kilitoka Leiden mwaka 1609 bila jina la mwandishi. Katika sura ya tano anawajibu Wareno waliodai kwamba Bahari ya Hindi ni yao kwa kuwa wao ndio wa kwanza kuipita. Anauliza, kwa maneno yangu: nani ataamini kwamba Wamori, Waethiopia, Waarabu, Waajemi na Wahindi hawakuijua bahari iliyo mlangoni kwao? Waswahili kwa jina hatumo. Lakini kwa Mzungu aliyesoma Kilatini zama hizo, Waethiopia hawakuwa watu wa nchi moja tu, walikuwa watu weusi wa upande huu kwa jumla. Kwa hiyo babu yako yumo, ila ameingizwa bila kuulizwa jina.

Usimwage machozi ya furaha bado. Grotius alikuwa wakili, na wakili ana mteja. Mwezi Februari 1603, Jacob van Heemskerck aliikamata merikebu ya Kireno, *Santa Catarina*, karibu na Singapore, ikiwa imesheheni mali. Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ilitaka mtu wa kuonyesha kwamba huo haukuwa wizi. Grotius akaandika kitabu kizima cha haki ya nyara. Sura moja tu ndiyo iliyochapwa, hiyo ya bahari huru. Mengine yalilala kwenye makaratasi ya ukoo mpaka yalipotokea kwenye mnada huko The Hague mwaka 1864.

Na uhuru huo wa bahari ulifikaje kwetu? Mwaka 1607, na tena 1608, merikebu za kampuni hiyohiyo ziliuzingira mji wa kisiwa cha Msumbiji kwa mizinga. Ngome ya Wareno ya São Sebastião haikuanguka, mji ulikiona cha moto. Mombasa Wareno walikuwa wameshaanza kujenga Fort Jesus tangu 1593. Hakuna mzinga hata mmoja uliolia ili jahazi la babu wa babu yako lipite bila kulipia hati ya Mreno. Mwaka 1613 Grotius mwenyewe alikwenda London kutetea mikataba ya Waholanzi kwenye visiwa vya viungo, iliyowafungia Waingereza nje. Waingereza wakamsomea kitabu chake cha bahari huru. Natamani ningeiona sura yake.

Sasa swali lako la pili, nalo linanirudisha kwa Mzee Mbuzi. Katika sehemu ya sita ya ile harusi, Jiometria anaingia na viatu vilivyochakaa kwa kuzunguka dunia, na mbele ya miungu anaeleza ukubwa wake: mzingo wa stadia 252,000 (stadia ni kipimo cha kale cha urefu), hesabu ya Eratosthenes. Kisha anasimulia waliozunguka bahari. Hanno wa Carthage alikwenda kwa njia ya Mauritania mpaka mipaka ya Uarabuni. Eudoxus alimkimbia mfalme Lathyrus, akatokea ghuba ya Uarabuni, akafika Gades, Hispania. Katika ghuba hiyohiyo yalionekana mabaki ya merikebu za Hispania zilizovunjika. Miaka kumi baada ya kuyasafisha maneno hayo, Grotius anawaleta mabaharia walewale katika *Mare liberum* kuwaambia Wareno kwamba kuna waliowatangulia.

Mtu angesema haraka, basi hoja ameichukua kwa Martianus. Mimi sisemi. Habari hizo zote zimetoka kwa Plinio, karne ya 1, na Plinio ndiye Grotius anayemtaja. Martianus alimnakili Plinio karibu neno kwa neno. Wawili hao wakisimama kizimbani pamoja ni shahidi mmoja mwenye makoti mawili, na Grotius alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa amelinganisha maneno yao. Ninachoweza kusema ni kwamba alipohitaji mabaharia hao alijua rafu walipokaa.

Kama kweli walizunguka? Habari ya Hanno kufika Uarabuni imekuzwa. Maelezo ya safari yake yenyewe, tuliyo nayo kwa Kigiriki, yanaishia pwani ya Afrika Magharibi. Eudoxus aliondoka kwa kujaribu, na Strabo aliyeisimulia safari yake kwa urefu haiamini. Kwa hiyo kesi ya Grotius upande huo ilikuwa na mashahidi dhaifu, na nadhani ndiyo maana aliweka pia lile swali la Waarabu na Wahindi na Waethiopia. Hilo halikuhitaji Plinio. Lilihitaji mtu kusimama Mombasa na kutazama bandarini msimu wa kaskazi.

*Mwalimu, nimekuwa mwanafunzi wako zamani, sasa nina wajukuu. Nilipopanga masanduku baada ya kustaafu nimekuta karatasi zako za stensili za ile harusi, zimekuwa rangi ya chai. Mke wangu anasema nizitupe. Nifanyeje?*
— Mwanafunzi wa zamani, Songea

Mwambie shemeji asubiri kidogo. Grotius alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1619, akafungwa ngome ya Loevestein, na vitabu vilikuwa vikiingia na kutoka kwa kasha, mkewe Maria van Reigersberch akisimamia. Tarehe 22 Machi 1621 kasha lilibebwa nje likiwa zito kuliko kawaida, na ndani hamkuwa na vitabu, alikuwamo bwana. Mwanamke aliyevumilia makasha ya karatasi nyumbani kwake anastahili kuheshimiwa, na shemeji nampa pole.

Kuhusu karatasi zako, kabla hujaamua lolote, fungua ukurasa wa pili uhesabu mistari. Kama wa saba haupo, ni nakala yangu, unaweza kuwashia moto na sitakuuliza. Kama upo, basi hukunakili kwangu, na kuna mtu darasani kwenu alikuwa na kitabu chenyewe na hakuniambia. Nipigie picha ya ukurasa huo unitumie, uandike na jina la uliyekaa naye dawati moja.